Naamani Alijichovya Mara Saba



Mmekwisha kusikia katika mafundisho habari za Naamani, jemadari wa mfalme wa Shamu. Alikuwa mtu mkubwa, lakini mwenye ukoma. Alifika mlangoni pa nabii Elisha pamoja na farasi na magari, fedha na dhahabu, na nabii hakutoka hata kumwamkia. Alimtuma mjumbe tu, kumwambia aende akajichovye mara saba katika mto Yordani. Naamani akaghadhibika, akageuka aende zake. Alidhani kwamba nabii angesimama mbele yake, angemlilia Mungu wake, angepunga mkono juu ya mahali pagonjwa, na jambo lingekwisha mara moja machoni pa watu wote. Tena, kwani kwao hakuna mito? Watumishi wake ndio waliomponya hasira yake. Walimwendea kwa adabu, wakamwita baba, wakamwuliza: kama nabii angemwagiza jambo gumu, je, asingelitenda? Basi akashuka mtoni.

Hapo mimi hupenda kusimama kidogo. Maandiko Matakatifu hayasemi kwamba ukoma ulipungua mara ya kwanza, ukapungua zaidi mara ya pili. Yasema kwamba alijichovya mara saba, kisha mwili wake ukawa kama wa mtoto mdogo. Yamkini mara ya sita alitoka majini vile vile alivyoingia. Ni watu wangapi wangekwenda zao saa ile?

Nawaletea habari hii kwa ajili ya wagonjwa walio kati yetu, ambao moyo wao hupiga bila utaratibu, na ambao daktari amewaambia wajitayarishe kwa tiba ya kuurudisha moyo katika mwendo wake. Matayarisho ya tiba hiyo ni marefu kuliko tiba yenyewe. Tiba ni ya dakika chache. Matayarisho ni ya majuma. Na wengi huanguka katika yale majuma.

Wekeni vidole viwili juu ya kifundo cha mkono, upande wa kidole gumba, mtasikia mapigo. Kwa mtu mzima aliyetulia ni kati ya 60 na 100 kwa dakika moja, yaani kama laki moja kwa siku, mchana na usiku, pasipo ninyi kuyaamuru. Muumba ameweka katika chumba cha juu cha moyo, upande wa kuume, mahali padogo panapotoa umeme mdogo sana. Umeme huo huamsha kwanza vyumba viwili vya juu, halafu viwili vya chini. Mmewaona akina mama wawili wakitwanga katika kinu kimoja: huyu apandisha mchi, yule ashusha, wala hawagongani. Ndivyo moyo mzima ufanyavyo kazi. Katika ugonjwa huu vyumba vya juu havipigi tena. Hutetemeka tu kama jani, na vyumba vya chini hupokea amri ovyo ovyo. Mgonjwa husikia moyo ukidunda na kurukaruka, hukosa pumzi akipanda mlima au akibeba ndoo ya maji, huchoka bure. Wengine hawasikii lolote, na hao ndio wa kuhurumiwa zaidi, maana hawaendi kutafuta msaada.

Watu husema: ametupiwa. Wanamtafuta shangazi mzee wa kumsingizia. Ndugu zangu, msimwage damu ya jina la mtu asiye na hatia. Sababu za ugonjwa huu zajulikana. Kwa wazee mara nyingi ni shinikizo la damu lililoachwa miaka mingi bila dawa. Kwa vijana na kwa mama wadogo wa nchi zetu, mara nyingi mambo yalianza utotoni, kwa koo lililouma. Mtoto alipata homa ya koo, haikutibiwa kwa penisilini; baada ya majuma machache viungo vikavimba na kuuma, ndiyo homa ya baridi yabisi; viungo vikapona, lakini milango ya moyo ilibaki na makovu. Miaka ikapita. Mlango ukawa mwembamba, chumba cha juu cha kushoto kikatanuka kwa kuzuiliwa damu, kisha kikaanza kutetemeka. Kwa hiyo mzazi ampelekaye mtoto mwenye koo kituo cha afya anaulinda moyo wake wa miaka ishirini ijayo. Na yule ambaye amekwisha kuagizwa sindano ya penisilini kila majuma 3 au 4, asichoke.

Sasa, tiba yenyewe. Kwa wengine daktari hutoa vidonge tu vya kupunguza mbio za moyo, kwa wengine hutangulia kuutengeneza mlango uliobana. Na kwa wengine huchagua pigo la umeme kifuani. Chombo chake kilitengenezwa na daktari Bernard Lown huko Boston, Marekani, akakitangaza mwaka 1962. Hekima ya chombo hiki ni kwamba husubiri pigo la moyo na kutoa umeme wakati ufaao, kwa kitambo kifupi kuliko kupepesa jicho. Mgonjwa hulazwa kwanza kwa dawa ya usingizi, wala hasikii maumivu. Msiufananishe na umeme wa waya ulioanguka barabarani. Moyo hunyamaza kidogo, halafu, Mungu akipenda, ule umeme mdogo aliouweka Muumba hushika tena uongozi wake. Si kila mara. Kwa wengine mtetemo hurudi baada ya siku au miezi, na yafaa mgonjwa ajue hivyo kabla, asije akadhani amedanganywa.

Hospitali kubwa za mji wetu, kama ile ya Jason Sendwe au Kliniki za Chuo Kikuu cha Lubumbashi, ndizo mahali pa kuanzia kuuliza. Huko mgonjwa ataambiwa kipimo gani kifanyike, na tiba ipatikane wapi. Wengine huelekezwa mbali. Huko Dar es Salaam ipo Taasisi ya Moyo ya Jakaya Kikwete tangu mwaka 2015, na Kampala ipo Taasisi ya Moyo ya Uganda. Popote aendapo, matayarisho ni yale yale, na mengi yake hufanyika nyumbani, mbali na macho ya daktari.

Jambo kubwa ni dawa ya kuzuia damu isigande. Sikilizeni sababu yake, kwa maana mtu ajuaye sababu hutii vizuri zaidi. Damu ikiwa katika chumba kinachotetemeka, hutuama katika pembe zake kama maji ya kidimbwi, na maji yaliyotuama huota utelezi. Damu iliyotuama huganda, likawa bonge dogo. Maadamu chumba chatetemeka tu, bonge laweza kukaa pale. Lakini siku moyo utakaporudishwa katika nguvu zake, chumba kitakaza, na bonge litatupwa nje, liende kichwani. Hapo mtu aliyekuja kwa miguu yake huondoka amepooza upande mmoja, au haondoki. Hii ndiyo sababu daktari huagiza dawa ile majuma 3 mfululizo kabla ya pigo la umeme, siku zote pasipo kuacha hata moja, na majuma 4 baada yake. Wengi huimeza maisha yao yote.

Dawa iliyo ya kawaida kwetu ni warfarini au ndugu yake asenokumaroli. Hiyo hutaka kupimwa damu mara kwa mara, na kwa wengi daktari hutafuta kipimo kiwe kati ya 2 na 3. Kikiwa chini, damu bado yaganda. Kikizidi, mtu aweza kutokwa damu. Akina mama watauliza juu ya mboga. Sombe, matembele na lengalenga zina vitamini iitwayo K, ambayo hushindana na dawa hii. Hamkatazwi kuzila, mtu wa Katanga ataishije na bukari pasipo mboga? Mnaombwa tu mzile kwa kadiri ile ile juma kwa juma, si sahani tatu msimu wa mvua na kuziacha kabisa wakati wa kiangazi. Aspirini na mizizi ya kienyeji msichanganye humo bila kumwambia daktari. Mama mwenye mimba, au anayedhani anayo, na amwambie daktari siku ile ile, kwa kuwa dawa hii yaweza kumdhuru mtoto tumboni, hasa miezi ya kwanza. Lakini asiiache kwa shauri lake mwenyewe, maana hapo wanakuwa hatarini wote wawili.

Jirani atakuja na vidonge vipya visivyohitaji kupimwa damu, alivyoletewa na mwanawe kutoka Ulaya. Ni vizuri kwa wagonjwa wengi. Lakini utafiti uitwao INVICTUS, uliotangazwa mwaka 2022, juu ya wagonjwa zaidi ya 4,500 katika nchi 24, wote wenye moyo ulioharibiwa na baridi yabisi, ulionyesha kwamba waliotumia dawa ya zamani walikufa wachache kuliko waliotumia mojawapo ya hizo mpya, iitwayo rivaroksabani. Kwa hiyo dawa ya jirani ni ya jirani.

Sasa nafika kwenye neno lililonifanya niandike. Tuseme yuko mkatekumeni, baba wa watoto watano. Ameuza mbuzi wake, ndugu wamechanga nauli, tarehe ya hospitali amepewa. Katika juma la pili palikuwa na matanga kijijini kwa mkewe. Akaenda, akasahau vidonge nyumbani siku tatu. Akarudi, akaendelea kuvimeza. Siku ya tiba daktari anamwuliza: Baba, umemeza dawa kila siku? Afanyeje? Akisema kweli, huenda wakamwambia arudi baada ya majuma 3 mengine, na mbuzi hayuko tena. Akisema ndiyo, kila siku, wataendelea. Ni neno moja tu, wala hakuna shahidi.

Ndugu yangu, sema kweli. Najua uzito wa nauli, wala siudharau. Lakini daktari haulizi ili akuhukumu kama hakimu. Auliza kwa sababu hawezi kuona ndani ya pembe ile ya moyo. Tena kweli hiyo si lazima ikurudishe nyumbani: penye chombo cha kufaa, daktari aweza kupitisha kwenye umio mpira mwembamba wenye ekografia, akautazama moyo kutoka nyuma, na asipoona bonge, tiba ikaendelea siku ile ile. Hataiagiza kwa sababu hiyo kama umemwambia hukukosa hata siku moja. Amri ya nane, mliyoikariri kwa katekista, yakataza uongo hata pale uongo unapoonekana hauna wa kumdhuru. Na hapa yupo wa kudhurika, naye ni wewe mwenyewe, na mkeo, na watoto watano.

Na ninyi mlio nyumbani msimtishe mtu kwa kumwambia: tumekuchangia, usituaibishe. Maneno hayo ndiyo yanayozaa uongo.

Wengine hukosa siku si kwa kusahau, bali kwa kuambiwa. Wako wahubiri wanaosema kwamba mwenye imani atupe vidonge, na kwamba kuvimeza ni kumwonea Mungu shaka. Someni habari za mfalme Hezekia. Aliugua karibu kufa, akasali kwa machozi, na Mungu akamwahidia kwa kinywa cha nabii Isaya miaka 15 zaidi. Ahadi ilikwisha kutoka, tena kwa Mungu mwenyewe. Hata hivyo Isaya akaagiza waletewe andazi la tini, waliweke juu ya jipu. Je, Isaya alikosa imani? Yoshua bin Sira naye afundisha kwamba tabibu aheshimiwe, kwa kuwa Bwana ndiye aliyemwumba, na kwamba dawa zatoka katika ardhi kwa mapenzi yake. Na Baba Mtakatifu Benedikto wa 16 alikuwa na betri ya moyo, yaani kile chombo kidogo kinachotiwa chini ya ngozi kuusaidia moyo unaopiga polepole mno. Alipotangaza kujiuzulu, Februari 2013, msemaji wa Vatikano alieleza kwamba alikuwa nayo tangu zamani, na kwamba ilibadilishwa miezi michache tu iliyotangulia. Sijasikia Mkatoliki aliyemwambia Papa aitupe.

Juu ya kufunga, watu huchanganya mambo mawili. Kabla ya kupokea Komunyo Takatifu twafunga saa moja, lakini maji na dawa havivunji mfungo huo. Waambieni wazee wenu waliokwisha batizwa, ambao bado huacha vidonge Jumapili asubuhi kwa kuogopa dhambi. Wagonjwa hawafungwi na sheria ya kufunga ya Kwaresima, wala hakuna padre atakayewasifu kwa kuacha dawa. Mfungo wa hospitali ni mwingine kabisa. Huo ni kwa ajili ya dawa ya usingizi, ili chakula kisipande kutoka tumboni na kuingia mapafuni mtu asipojitambua. Kwa kawaida chakula huachwa saa 6 kabla, na maji safi saa 2 kabla; vidonge vya asubuhi humezwa kwa funda la maji, kama daktari alivyoagiza. Kikombe cha uji alichopewa mgonjwa kwa huruma na shangazi yake alfajiri, hicho nacho kisemwe.

Vitu vya chuma huvuliwa kifuani. Mkatekumeni aliyepewa medali ya Bikira Maria amkabidhi anayemsindikiza. Mama yetu hamwachi mtu kwa sababu medali imo mfukoni mwa dada yake. Mafuta yasipakwe kifuani siku ile. Nayo hirizi, ikiwa bado ipo chini ya shati la mtu ajifunzaye dini, manesi wataivua, nami nitafurahi isiporudishwa.

Yako maswali ambayo wakatekumeni huyauliza kwa sauti ya chini. La kwanza: nikifa kabla ya Ubatizo? Tiba hii si ya kuua watu, na wengi sana huamka salama. Lakini ugonjwa wenyewe waweza kuwa mzito, basi mwambieni katekista au padre mapema, siku mliyopewa tarehe, msingoje usiku wa mwisho. Sheria ya Kanisa ya mwaka 1983 yaruhusu mtu mzima aliye katika hatari ya kufa abatizwe, akiwa anajua kwa kadiri fulani kweli kuu za imani, ameonyesha kwa njia yoyote nia yake, na ameahidi kuzishika amri za dini. Padre ndiye atakayepima kama hatari hiyo ipo. Na ikitokea ghafula njiani, mtu yeyote mwenye nia ya kutenda litendalo Kanisa aweza kubatiza, kwa kumwaga maji kichwani na kutaja Baba na Mwana na Roho Mtakatifu kama mlivyofundishwa. Naye mkatekumeni aliyefariki bila kuwahi, hali anautamani Ubatizo, akitubu dhambi zake na kupenda, Kanisa linasadiki kwamba wokovu ambao hakuweza kuupokea kwa sakramenti amehakikishiwa. Huzikwa kwa sala za Kanisa kama mmoja wa waamini.

La pili: naweza kupakwa mafuta matakatifu? Mpako wa Wagonjwa ni wa waliobatizwa. Hao wanaweza kuupokea kabla ya tiba, ugonjwa wao ukiwa mzito. Ninyi mngali mnangoja, padre aweza kuwaombea na kuwabariki. Msione kwamba mmepewa makombo.

Mgonjwa asiende peke yake. Baada ya dawa ya usingizi mtu huweza kuzungumza na kucheka, na kumbe akili haijarudi yote. Asipande pikipiki kuiendesha, wala asitie sahihi hati ya shamba siku ile. Ngozi ya kifua yaweza kuwa nyekundu na kuwasha kama iliyochomwa na jua. Anayemsindikiza ajue dalili za kukimbilia hospitali hima: uso kushuka upande mmoja, mkono kulegea, maneno kukatika; tena kutokwa damu kusikokoma, au choo cheusi kama lami.

Moyo ukiwa umerudi katika mwendo wake, vyumba vya juu bado ni vizito kwa siku nyingi, kama mkono uliolaliwa, na damu yaweza kuganda humo hata sasa. Mgonjwa atajisikia mzima. Atapumua vizuri, atataka kwenda shambani, na majirani watakuja kumpongeza. Jioni ya siku ile ile, saa yake ikifika, kidonge humezwa kama jana.